Kasuku wa Mjomba: Aina Yake, Mkia Wake na Kifua Kilichonyonyoka

Maswali na majibu kuhusu afya ya wanyama wa nyumbani

SWALI

Daktari, salaam nyingi. Mjomba wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na alipofariki mwaka jana alituachia kasuku wa kijivu aliyekaa naye kwa miaka mingi nyumbani kwake Changamwe. Sisi hatujawahi kufuga ndege isipokuwa kuku. Mdomo wake ni mweusi wote, macho ni ya manjano hafifu, na mkia ni mwekundu uliofifia, ncha zake zimechakaa na kukaribia rangi ya kahawia. Nilimpima kwa mizani ya jikoni nikapata gramu 380. Tangu aje kwetu amekuwa akijinyonyoa kifua, na sasa kimebaki na manyoya laini ya ndani tu, tena mahali pengine ngozi inaonekana. Kichwani hajapungukiwa hata na nyoya moja. Isitoshe, tumboni na mapajani yameota manyoya machache mekundu ambayo mke wa mjomba anasema hayakuwapo zamani. Jirani mmoja anashikilia kwamba huyu ni yule kasuku mdogo wa Afrika Magharibi, kwa sababu mkia wake hauwaki. Mtu mwingine, ambaye huuza ndege, anasema ni aina adimu iitwayo kasuku mfalme, na anataka kumnunua. Tunamlisha alizeti, karanga, ugali na chai ya maziwa, na tumemtengenezea tundu jipya la waya. Je, ni nususpishi gani, na manyoya yake yana ugonjwa gani?

Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU

Pole sana, mama, kwa msiba, na ahsante kwa kumtazama ndege huyu kwa makini kiasi hiki, kwa kuwa mambo uliyoyaandika yanatosha kujibu sehemu kubwa ya swali lako. Nitaanza na aina yake kwa sababu ndiyo uliyoitanguliza, ingawa kwa maoni yangu kifua ndicho kinachohitaji kushughulikiwa upesi.

Kasuku wa kijivu wa Afrika wako wa namna mbili. Wa kwanza ni kasuku wa Kongo, ambaye wanasayansi humwita Psittacus erithacus. Makazi yake yanaanzia mashariki mwa Côte d'Ivoire na Ghana, yanapita Nigeria, Kamerun, Gabon, Kongo zote mbili na kaskazini mwa Angola, kisha yanafika Uganda, kaskazini-magharibi mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya katika msitu wa Kakamega, ambako siku hizi kumwona ni nadra mno. Wa pili ni kasuku wa Timneh, Psittacus timneh, anayeishi Guinea-Bissau, Guinea, Sierra Leone, Liberia na magharibi mwa Côte d'Ivoire. Kwa miaka mingi Timneh alihesabiwa kuwa nususpishi tu, yaani tawi dogo ndani ya spishi moja na yule wa Kongo, na ndiyo maana vitabu vya zamani na wauzaji wengi bado husema hivyo. Lakini tangu mwaka 2012 shirika la BirdLife International limewatenga kuwa spishi mbili kamili, kwa kuzingatia umbo na rangi zao pamoja na vinasaba. Kwa hiyo swali lako kwa hakika ni la spishi, wala si la nususpishi, na lina majibu mawili tu.

Katika kuwatofautisha hawa wawili, kiungo cha kutazama kwanza ni mdomo. Kasuku wa Kongo ana mdomo mweusi juu na chini. Timneh ana taya la juu lenye rangi ya pembe, pengine lenye wekundu hafifu, na weusi hubaki kwenye ncha. Tofauti hiyo haifichwi na lishe mbaya, haibadilishwi na jua, na huonekana hata kwa ndege aliyenyonyoka mwili mzima. Kama taya la juu la kasuku wenu ni jeusi lote, kama ulivyoandika, basi ni kasuku wa Kongo, na jirani yako amepotoshwa na mkia.

Ni kweli kwamba Timneh ana mkia wa rangi nyekundu iliyoiva hadi kuwa kama zambarau ya giza, na kwamba kasuku wa Kongo ana mkia mwekundu wa kung'aa. Lakini mkia ni manyoya, na manyoya huchakaa. Ndege anayekaa katika tundu dogo husugua mkia kwenye waya na kuuburuza kwenye kinyesi chake, naye asiyeoga huzidi kubeba uchafu huo mwezi baada ya mwezi. Kuna pia sababu ya umri: makinda ya kasuku wa Kongo huwa na ncha za mkia zenye giza. Sababu hiyo tunaweza kuiondoa kwa kutazama macho. Kinda huwa na jicho jeusi, ambalo baada ya miezi kadhaa hugeuka kijivu, kisha hupauka taratibu hadi kuwa la manjano hafifu akiwa mtu mzima. Wenu ana macho ya manjano, na mjomba alikaa naye miaka mingi, kwa hiyo ncha zile za kahawia ni uchakavu. Ukitaka kujiridhisha, subiri atulie, inua kwa kidole manyoya madogo yanayofunika mwanzo wa mkia, uangalie shina la mkia pale ambapo jua na uchafu havifiki. Nina hakika utaukuta wekundu mkali.

Uzito nao umewachanganya wengi. Timneh mzima huwa na gramu kama 275 hadi 375, na kasuku wa Kongo kwa kawaida huwa na gramu 400 hadi 500, ingawa wako wadogo wanaopungua hapo wakiwa na afya njema. Gramu 380 zinaangukia katikati, na mtu anayetegemea mizani peke yake angeweza kuamua upande wowote. Kwa kuwa mdomo umekwisha kutuambia ni wa Kongo, uzito huo mimi nausoma kwa namna nyingine: huenda ndege wenu amekonda. Pitisha kidole katikati ya kidari chake. Mfupa wa kidari ukiusikia kidogo tu chini ya nyama iliyojaa pande zote mbili, ana mwili. Ukichomoza kwa ukali na nyama ikawa imebonyea kando yake, amekonda, na hilo humpeleka kwa daktari wiki hii, si mwezi ujao.

Sasa tuje kwenye manyoya, na hapa naomba tuzingatie neno moja ulilolitaja kwa kupita, yaani kwamba kichwani hajapungukiwa na nyoya hata moja. Kasuku hawezi kujifikia kichwani kwa mdomo wake mwenyewe. Ndege anapokuwa na kifua kitupu, mapaja matupu na chini ya mabawa kumetoboka, lakini kichwa chake kimevaa vizuri mpaka shingoni, mara nyingi ni yeye mwenyewe anayejinyonyoa. Kama kichwa nacho kingekuwa na mapengo, na hana mwenzake wa kumchokoa, ningeogopa zaidi ugonjwa ulioingia katika mizizi ya manyoya.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni ule wa virusi wa mdomo na manyoya, unaosababishwa na sirkovirusi, ambao hauna dawa ya kuuponya na huambukiza kasuku wengine kupitia vumbi la manyoya na kinyesi. Dalili zake hutazamwa katika nyoya moja moja. Chukua manyoya yaliyoanguka chini ya tundu, uyaweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga. Nyoya lililopukutika kwa kawaida lina shina lililonyooka, na mwisho wake wa chini ni safi, mwembamba na mkavu. Nyoya la ndege mwenye virusi hivi aghalabu ni fupi, limebanwa karibu na mzizi mithili ya kitu kilichofungwa uzi, lina damu iliyoganda ndani ya mrija, au limebaki ndani ya ala yake bila kufunguka. Na nyoya lililong'olewa na ndege mwenyewe huonyesha alama za meno, kwa kusema, yaani limetafunwa ukingoni, limevunjwa katikati au lina ncha yenye unyevu wa damu mbichi. Tazama pia mdomo. Kasuku wa kijivu mwenye afya ana unga mweupe mwingi unaotoka kwenye manyoya yake laini, na unga huo hukaa juu ya mdomo hata ukaonekana wa kijivu. Ukiupangusa kwa kidole, kidole kinatoka na vumbi. Mdomo mweusi unaong'aa bila vumbi lolote, wakati ndege hajaoga, ni ishara kwamba unga umekwisha, na sababu mojawapo ni virusi hivi. Hata hivyo macho hayatoshi kuthibitisha. Mwombe daktari achukue damu na manyoya machache yaliyotoka kung'olewa, vipelekwe maabara kwa kipimo cha vinasaba vya virusi.

Manyoya mekundu ya tumboni hayamfanyi kuwa mfalme. Wako kasuku waliozaliwa na wekundu mwilini kwa asili yao, na wafugaji wa Afrika Kusini wamezalisha wenye wekundu mwingi sana, lakini hao huonekana hivyo tangu utotoni au katika manyoya yao ya mwanzo. Yule anayeanza kuota nyekundu hapa na pale akiwa mtu mzima, hasa katika sehemu zile zile anazojinyonyoa, ana tatizo. Rangi nyekundu ya kasuku haitoki kwenye chakula, tofauti na ya heroe wa Nakuru. Mwili wake huitengeneza wenyewe ndani ya nyoya linapokua. Mzizi wa nyoya ukijeruhiwa mara kwa mara, nyoya linaloota baadaye linaweza kutoka jekundu mahali palipopaswa kuwa na kijivu, na magonjwa ya manyoya pia huleta hali hiyo. Kwa hiyo hata kama angelishwa pilipili na mawese, hazingemfanya mwekundu, wala hazingemtoa wekundu. Huyo mwuzaji anayekupandishia bei kwa ajili ya manyoya machache ama hajui au anajua sana.

Kwa nini basi anajinyonyoa? Katika barua yako naona sababu nne, na sidhani kwamba iko moja inayofanya kazi peke yake. Ya kwanza ni huzuni na upweke. Kasuku wa kijivu porini hulala kwa makundi makubwa na kushikamana na mwenziwe kwa miaka; mjomba ndiye aliyekuwa mwenziwe, na siku moja hakurudi. Msidharau jambo hili kwa kuwa ni ndege. Mtu mmoja wa nyumbani, yule yule kila siku, akae naye asubuhi na jioni, azungumze naye kwa sauti ya upole, ampe matawi mabichi ya mti usio na sumu, magunzi ya mahindi na vipande vya ubao wa kutafuna, ili mdomo wake upate kazi nyingine. Mwachieni usingizi wa saa 10 hadi 12 gizani, mbali na televisheni. Anapojinyonyoa msimpigie kelele, kwa maana hata kelele ni kampani kwake, na atajifunza kuwa akijing'oa nyoya watu huja.

Ya pili ni chakula, na hapa nasema kwa mkazo. Alizeti na karanga zina mafuta mengi, zina kalsiamu kidogo mno, na hazina vitamini A ya kutosha. Kasuku wa kijivu kuliko ndege wengi huangushwa na upungufu wa kalsiamu, ambao ukizidi humletea kutetemeka na kuanguka kutoka kwenye kijiti. Upungufu wa vitamini A hukausha ngozi na kuharibu manyoya yanapoota. Nyoya lililokua katika siku za njaa au ugonjwa hubaki na mstari mwembamba unaolikata kwa upana, kama utakavyoona ukiliinua kwenye mwanga, na hapo ndipo huvunjika. Mpe maharage, dengu na choroko vilivyopikwa bila chumvi, mahindi mabichi, boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai, embe, mchicha na sukuma wiki. Mawese mekundu kidogo juu ya chakula yanamfaa, kwa kuwa chikichi ni chakula chake cha asili huko misituni. Punguza alizeti taratibu kwa wiki kadhaa huku ukimpima kila asubuhi, maana wako kasuku wanaogoma kula kipya mpaka wakadhoofu. Chai ya maziwa ikome leo. Parachichi, chokoleti na kahawa ni sumu kwake. Jua la asubuhi la nusu saa, bila kioo katikati na penye kivuli cha kujisogeza, litamsaidia kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu haitumiki.

Ya tatu ni tundu jipya. Hukusema ni waya gani, lakini waya unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida umepakwa zinki, na kasuku hupanda tundu kwa kutumia mdomo, akiulamba na kuuguguna waya siku nzima. Zinki ikiingia mwilini humdhoofisha, humharisha, na imehusishwa na kujinyonyoa. Kama bado unga mweupe au matone ya zinki yanaonekana kwenye viungo vya waya, mtoe humo, usugue waya wote kwa brashi na siki, uuoshe na kuuanika, na ukiweza umtafutie tundu la chuma kisichopakwa kitu. Daktari anaweza kupima zinki katika damu.

Ya nne ni kuoga, na hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Mnyunyizieni maji safi ya uvuguvugu mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi, ili akauke kabla ya usiku. Manyoya mapya yatakapoanza kuchomoza kifuani utayaona kama vijiti vyeusi vyenye ala. Ndani yake kuna damu, yanauma yakiguswa, na likivunjika moja hutoka damu nyingi. Msiyaguse. Kama mizizi haijafa, kifua kinaweza kujifunika tena, lakini mzunguko wa kubadili manyoya huchukua karibu mwaka mzima, na baadhi ya mizizi iliyong'olewa kwa miaka haioti tena kamwe.

Limebaki suala la sheria, ambalo siwezi kulinyamazia. Mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimweka kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kuanzia Januari 2017, kwa sababu ya jinsi walivyomalizwa kwa ulimbo na nyavu. Ghana, kwa mfano, imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchini Kenya, kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi kumweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wala huwezi kumwuza. Nenda mwenyewe ofisini kwao ueleze kwamba umerithi ndege huyu kwa marehemu. Anayejitokeza kwa hiari yake husikilizwa tofauti na anayefumaniwa. Wala usifikirie kumwachia huru: pwani si kwao, hana kundi, na kwa kifua kile hawezi kuhimili hata mvua ya usiku mmoja.

SWALI

Daktari, hujambo. Kijana wangu aliokota kinda chini ya mbuyu baada ya upepo mkali, tukamlea, na sasa ni ndege wa kijani mwenye kichwa cha kahawia na macho ya manjano. Wengine wanasema ni kasuku wa hapa pwani, wengine wanasema ni yule wa bara. Manyoya ya mgongoni na mabawani yameanza kuwa meusi. Mama mkwe humpaka mafuta ya nazi ili yang'ae, lakini weusi unazidi. Ni aina gani, na weusi huo ni wa nini?

Msomaji wa Pangani, Tanga

JIBU

Fungua bawa lake taratibu, uangalie upande wa chini, kisha uangalie bega kwa juu. Kasuku wa pwani mwenye kichwa cha kahawia, Poicephalus cryptoxanthus, ana manjano ya kung'aa chini ya bawa, ambayo hujificha anapotulia. Akikunja mabawa huoni manjano yoyote begani. Mdomo wake ni wa rangi mbili, juu giza na chini weupe. Huyu hupatikana kuanzia pwani ya Kenya, kupitia Tanzania, hadi Msumbiji na kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, na anaipenda mibuyu na minazi. Yule wa bara, kasuku wa Meyer, ana mgongo na kichwa cha kahawia ya majivu, tumbo la kijani chenye ubuluu, na kiraka cha manjano begani kinachoonekana hata akiwa ametulia. Kwa maelezo yako wenu ni wa pwani. Vitabu vingine hutaja nususpishi ya kaskazini iitwayo tanganyikae, yenye ukijani zaidi na ukahawia pungufu kuliko wale wa kusini, lakini tofauti hiyo ni ndogo, na kwa ndege ambaye manyoya yake yameharibika haina maana kuitafuta.

Kuhusu weusi, fahamu kwamba kijani cha kasuku hakitokani na rangi moja ya kijani. Ni manjano iliyo ndani ya nyoya pamoja na ubuluu unaotokana na jinsi nyoya lenyewe lilivyojengwa na linavyorudisha mwanga. Ujenzi huo ukiharibika, ubuluu hupotea na giza lililo chini yake hujitokeza. Mafuta huuharibu. Yanashikanisha vijinyuzi vya nyoya, yanakusanya vumbi, na yanamnyima ndege kinga dhidi ya baridi na mvua. Naye akijisafisha huyameza. Mwombe mama mkwe kwa heshima aache kabisa, na muanze kumnyunyizia maji safi, maana yeye anafanya hivyo kwa mapenzi na huenda hajaambiwa madhara yake. Watoto nao wanawe mikono kabla ya kumshika.

Subirini aote manyoya mapya. Yakitoka ya kijani, kosa lilikuwa mafuta na msuguano. Yakichomoza meusi tangu ndani ya ala, shida iko mwilini, na cha kwanza kushukiwa ni ini, hasa kama analishwa alizeti na karanga pekee. Dalili nyingine ni mdomo na kucha zinazorefuka kupita kiasi. Hapo anahitaji kupimwa damu. Na kwa kuwa huyu ni mnyamapori, toeni taarifa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kinda mwingine akianguka, mrudisheni juu ya tawi karibu na tundu la mti alimotoka. Wazazi humlisha hata kama ameguswa na mkono wa mtu.

SWALI

Assalaam aleikum daktari. Naishi Maskati, na nimenunua kasuku wa kijivu dukani kwa bei ya juu kwa kuwa niliambiwa ni nususpishi ya Kamerun, mkubwa na mweupe kuliko wa Kongo. Anatoa vumbi jeupe linalojaa chumba kizima, na baba yangu, ambaye ni mtu mzima, ameanza kukohoa. Kiyoyozi hakizimwi. Je, ngozi ya ndege huyu ina ugonjwa?

Msomaji wa Maskati, Oman

JIBU

Waaleikum salaam. Hakuna nususpishi ya Kamerun. Jina hilo ni la wafanyabiashara, na hutumika kwa kasuku wa Kongo yeyote aliye mkubwa na mwenye kijivu chepesi, kwa kuwa ndani ya spishi hii ukubwa na wepesi wa rangi hutofautiana sana kutoka ndege mmoja hadi mwingine. Hata wale wa kisiwa cha Príncipe, waliowahi kupewa jina lao la nususpishi mwanzoni mwa karne ya 20, leo hawatengwi. Kilichostahili kulipiwa ni karatasi zake za CITES na pete iliyofungwa mguuni, ile isiyo na kiungo, ambayo huvishwa kinda akiwa bado mdogo sana, aliyezaliwa chini ya wafugaji. Linganisha namba ya pete na ile iliyo kwenye karatasi. Kama hana pete wala karatasi, kuna uwezekano mkubwa kwamba alitolewa porini, na ungefanya vyema kuwaarifu wahusika wa wanyamapori.

Vumbi lile si ugonjwa. Nimeeleza katika jibu la kwanza kwamba ndilo kinga ya manyoya yake, na lingepotea ndipo ungekuwa na sababu ya wasiwasi. Huongezeka anapobadili manyoya, kwa sababu ala za manyoya mapya humeguka vipande vyepesi vyeupe. Kiyoyozi kinakausha hewa na kulisambaza. Mnyunyizie maji kila siku, mhamishie chumba kisicho cha kulala chenye dirisha linalofunguliwa jioni, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na usafishe vichujio vya kiyoyozi mara kwa mara.

Kikohozi cha mzee ndicho kinachonitia wasiwasi. Watu wengine mapafu yao hupambana na vumbi la ndege kiasi cha kuvimba, na wakiendelea kulivuta kwa muda mrefu mapafu hupata makovu yasiyorudi nyuma. Kuna pia homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, ambayo humpata mtu kupitia kinyesi kilichokauka na vumbi la ndege mgonjwa, nayo hutibika kwa dawa za viuavijasumu ikijulikana mapema. Mzee asilale wala kukaa katika chumba cha ndege kuanzia leo. Akienda hospitali, atangulie kusema kwamba nyumbani kuna kasuku na ni tangu lini, kwa sababu daktari asiyeambiwa hayo anaweza kumtibu mafua kwa wiki nyingi bila kufikiria kipimo kinachohitajika.